Linta ya Chumba cha Devi

Kipimo kililia mara tatu, kikanyamaza, kikalia tena. Nilidhani betri imechoka. Nikakigonga kiganjani, kama afanyavyo kila mtu mashine ikimwambia asichopenda kusikia, kisha nikakiinua upya hadi kwenye linta, lile jiwe refu linalolala juu ya mlango wa chumba cha ndani. Kikalia. Safari hii kikaandika na idadi kabisa: viumbe hai milioni nne katika eneo lisilozidi ukucha wangu.

Chokaa yangu ilikuwa imeingia mahali nilipoahidi kwa maandishi kwamba haitaingia.

Nilikuwa peke yangu. Ukungu wa Usambara ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za hekalu, na mafundi wote walikuwa upande wa nyuma wakimrudisha mahali pake tembo wa mwisho katika ile safu ya tembo wa mawe inayozunguka msingi. Zilibaki siku kumi na mbili Devi, mungu wa kike wa hekalu hili, arudishwe nyumbani kwake. Kwa miaka tisa ya kazi alikuwa amekaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya jiko, ndani ya mtungi wa maji uliofunikwa kwa nazi. Ndivyo wafanyavyo hekalu likifumuliwa: uhai wa mungu huhamishiwa majini, ukasubiri huko mafundi wamalize. Tarehe ya kurudi ilikuwa imeshapangwa kwa kusoma nyota, na watu walikuwa wameshakata tiketi kutoka Tanga, Mombasa na Leicester.

"Siwema!" Hansaben aliita kutoka nje. "Vipi mlango, salama?"

"Salama," nikajibu.

Neno lilitoka lenyewe, na nililichukia kabla halijamfikia. Hansaben ndiye fundi mkuu. Ana umri wa miaka sitini na sita, magoti mabovu na mikono ambayo sijawahi kuiona ikitetemeka. Kwa miaka tisa hakuniuliza jambo mara mbili.

*

Hekalu hili lilisimama pwani ya Kachchh, India, takriban miaka elfu moja. Bahari ilipopanda na mawimbi yakaanza kuingia ukumbini, familia za Wakachchhi wa Tanga, ambazo zimekaa huku kwa vizazi vingi hata hakuna anayehesabu, ziliomba kipande cha mteremko huku juu na zikapewa. Yakaja mawe elfu kumi na moja, kila moja na namba yake, kwa meli, kwa lori, na kipande cha mwisho cha njia kwa mikono, kwa sababu lori la kwanza lilinasa kwenye kona ya tatu na dereva akakataa kusogea mbele au nyuma.

Anayeliingia kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi linavyopungua. Unapanda ngazi pana, unafika kwenye ukumbi wa nguzo uliojaa mwanga na wachezaji ngoma wa mawe, kisha ukumbi wa pili ulio mdogo na wenye giza kidogo, kisha mlango, kisha chumba kimoja cha mraba kisicho na dirisha wala pambo. Wenye hekalu hukiita tumbo. Mnara wote, ule unaopanda kwa tabaka kama mlima, umejengwa juu ya kile chumba kitupu. Na kutoka chini hadi juu hakuna saruji hata kijiko kimoja. Jiwe limechongwa ulimi, jenzake limechongwa shimo, yakakumbatiana, na uzito ukafanya kazi iliyobaki.

Tatizo lilikuwa chumvi. Mawe yalikuwa yamekunywa bahari kwa miaka ile ya mwisho, na yalipokutana na ukungu wetu yakaanza kubomoka kama biskuti iliyosahaulika kwenye chai. Hapo ndipo nilipoitwa mimi, na chokaa hai.

Kwa kifupi, ni bakteria. Niliwalea miaka saba katika maabara iliyokuwa na paa linalovuja. Ukiwapaka kwenye jiwe lenye ufa huingia ndani, hula sukari unayowapa, na hutoa chokaa ngumu inayoziba ufa kwa nyuma yao. Ufa mpya ukitokea, waliolala huamka wakauziba. Na wakimaliza chakula mahali pamoja wakanusa kingine jirani, huyeyusha walichojenga, wakakibeba, wakahama nacho. Hiyo sehemu ya mwisho sikuipanga. Niliigundua siku moja nilipokuta rafu ya maabara imeshikana na debe la asali.

Hansaben alikubali chokaa itumike kwenye msingi, kuta za nje na mnara tu. Kwenye tumbo, hapana. Nikazungusha utepe wa shaba kwenye kila kiungo kinachoelekea ndani, kwa kuwa shaba huwaua. Mkataba ulisema wakivuka, hekalu zima lifukizwe kwa mvuke wa siki mpaka afe wa mwisho. Siki huyeyusha na chokaa yenyewe, hivyo mnara ungerudi kwenye jukwaa la mbao na miaka mitatu ya kazi ingepotea. Tena Baraza la Majengo ya Kale lilikuwa linakutana mwezi uliofuata kuamua kama chokaa hai itumike kwenye majengo mengine arobaini. Jina langu lilikuwa juu ya ile karatasi. Nami nimekaa juu ya kigoda, nimekumbatia kipimo, nikijaribu kujishawishi kwamba vijidudu milioni nne si wengi.

*

Kesho yake Hansaben alinipeleka kwenye lundo la mawe ya akiba, kama alivyofanya kila Jumatano tangu anizoee. Alinifundisha kusikiliza. Unaning'iniza nyundo ndogo kwa vidole viwili, unagonga, unanyamaza. Jiwe linalolia kama kengele ni dume, huchongwa miungu wa kiume. Linalolia kama sinia la shaba ni jike, hilo ni la Devi na nyumba yake. Lisilolia kabisa halina jinsia, nalo huwekwa chini ya miguu ya watu.

"Hili?" akaniuliza.

Lilikuwa jiwe letu la huku, la kijivu, lililotoka tulipochimba njia ya maji. Nikagonga. Likalia ngaaa, sauti nyembamba ikakaa hewani.

"Jike."

"Sikio limekomaa," akasema, akacheka. "Ila wewe sikio lako na linta yetu haviivi chungu kimoja. Nakumbuka siku ya kwanza ulivyoigonga ukakunja uso."

Nilikuwa nimekunja uso kweli. Linta ya mlango wa Devi, jiwe takatifu kuliko yote baada ya sanamu yenyewe, ukiligonga hutoa du, kama mlango wa kabati. Nilipouliza, nilielezwa kwamba babu yao wa kizazi cha thelathini na nne, fundi mkuu aliyejenga hekalu, alilichagua bubu kwa makusudi ili kelele za dunia ziishie mlangoni. Kila kijana wa ukoo wa Hansaben anayeanza ufundi huweka paji la uso kwenye jiwe lile. Ndiyo maana mlango ulisafirishwa mzima, fremu na linta pamoja, umefungwa kwa magodoro. Ndiyo maana pia hakuna aliyeruhusiwa kuupiga picha ya miale ionyeshayo ndani. Hansaben alikataa katakata. Mzee hapigwi picha tumboni, alisema.

"Fomu yako ya ukaguzi nimeshaitia sahihi," akaendelea, akifuta nyundo kwa ncha ya sari. "Sikusoma. Ungekuwa mwingine ningesoma."

Ilinichoma. Laiti angenitukana.

"Hansaben," nikasema, "naomba twende jikoni. Na Maharaji awepo."

*

Maharaji Tushar, kuhani, amezaliwa Ngamiani, mjini Tanga, na mtu akitaka kumkasirisha amtajie timu ya mtaa wa pili. Alikuwa amekaa barazani mwa jiko akimenya tangawizi. Nikawaambia yote bila kupumzika: kipimo, idadi, uongo wa jana. Hansaben alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Tangu jana," akasema.

"Tangu jana asubuhi."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alimwaga chai yake iliyopoa chini ya bomba la uani, akarudi, akakaa. Nilitamani apige kelele.

"Walipitaje?" Maharaji akauliza.

"Ndicho kinachonisumbua. Utepe haukukatika. Wamepita ndani ya linta yenyewe, nayo ni jiwe moja zima. Hawana njia humo."

"Basi mvuke," Hansaben akasema. "Mkataba ni mkataba. Devi atasubiri."

"Subiri kwanza," Maharaji akasema. Akaweka kisu chini. "Hao wadudu wako hai?"

"Hai, ndiyo. Lakini Maharaji, ni bakteria. Wewe mwenyewe unaua mabilioni ukipiga mswaki."

"Hao wa mswaki sikuwaita. Hawa wameitwa. Umewalea wewe, tukawapa kazi, wakashikilia mnara usituangukie kichwani. Leo wamekosea mlango, tuwachome? Halafu mimi niingie pale na mtungi wa Devi, niseme Mama karibu, tumekusafishia?" Akatikisa kichwa. "Mimi siingii."

"Basi wabaki," nikasema, na sitaficha kwamba moyo uliruka kwa furaha. Ilikuwa njia nyepesi kwangu: hakuna mvuke, hakuna aibu.

"Wasibaki," Hansaben akasema papo hapo. "Wakibaki pale mlango hautafunguka tena. Nyie mnaona jengo, mimi naona viungo. Kila baada ya miaka kadhaa linafumuliwa kidogo, linaoshwa, linarekebishwa, na ndivyo nilivyojifunza, na baba yangu, na baba yake. Mnara nilikubali kwa shingo upande, kwa sababu ya chumvi. Tumbo nikilifunga, wajukuu zangu watafanya nini hapa? Watapiga picha?"

Kila mmoja alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyewafikisha hapo.

Maharaji ndiye aliyeanza kutabasamu. "Hansaben, mti wa kujengea hukatwaje?"

"Nini tena?"

"Mwambie Siwema. Kabla ya shoka."

Hansaben alimtazama, kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nikiri uso wake ulilegea kidogo. "Unakwenda kwenye mti siku moja kabla," akasema polepole. "Unapeleka chakula. Unasema, nyote mnaoishi humu, ndege, wadudu, na tusiowaona, tunawaomba radhi, chukueni hiki mhamie pengine. Unawapa usiku mmoja. Asubuhi ndipo unakata."

"Vizuri sana," nikasema. "Lakini chokaa haina masikio."

"Ina nini basi?" akauliza Maharaji.

Nikafikiri. Nikakumbuka rafu yangu na debe la asali.

"Ina njaa," nikasema.

*

Tulifanya hivi. Tulisimamisha jeki nne za chuma chini ya linta, kwa sababu sikujua wamekula nini humo ndani na wakiondoka wataacha nini. Tukaweka jiwe la akiba kwenye kizingiti, moja lisilo na jinsia, lenye vinyweleo vingi, tukalilowesha kwa sukari guru iliyoyeyushwa. Kutoka lintani hadi kwenye jiwe lile nikashusha kamba za katani zilizolowekwa sukari hiyohiyo. Kama kuna kitu Tanga haijawahi kukosa, ni katani.

"Sasa waambie," Maharaji akasema.

"Mimi?"

"Sauti yangu hawaijui. Wewe ndiye mama yao."

Mafundi wote walikuwa wamekusanyika. Nina shahada mbili na tuzo moja ya kioo, na nilisimama mbele ya jiwe nikiwa sijui pa kuanzia. Mwisho nikafanya nilichofundishwa nyumbani kwetu Soni kufanya mbele ya mlango wowote wa watu.

"Hodi," nikasema.

Mtu akacheka nyuma. "Karibu," Hansaben akajibu kwa niaba ya chokaa, uso mkavu kabisa, na hapo wote wakaangua kicheko, nami nikiwamo. Nikaendelea kwa sauti ndogo. Niliwaambia kwamba wamefanya kazi nzuri na sina kinyongo nao. Nikawaambia chumba hiki kina mwenyewe, yuko njiani anarudi, na chakula kiko chini. Nilipomaliza macho yalikuwa yamelowa, na mpaka leo sijui kisayansi ni kwa nini.

Siku ya kwanza kipimo hakikubadilika. Ya pili, kamba mbili ziligeuka nyeupe. Siku ya nne unga mweupe ulikuwa umefika kwenye jiwe la chini, na mafundi walianza kupita kila saa kuangalia, wakiwekeana dau la sambusa juu ya kamba itakayotangulia. Siku ya saba asubuhi nikainua kipimo lintani. Kikakaa kimya. Nikakizima, nikakiwasha. Kimya.

Watu sita walilibeba lile jiwe la wageni hadi jikoni, ambako kulikuwa na ukuta wenye nyufa uliokuwa ukiwangojea. Nami nilikuwa bado nawasindikiza kwa macho niliposikia, nyuma yangu, linta ikitoa mlio mdogo. Tak.

*

Tuliishusha kwa jeki, mawe ya juu yake yakiwa yameinuliwa kwa boriti, polepole, kama mgonjwa anavyoshushwa kitandani. Ilipogusa magodoro ilifunguka vipande viwili bila kupigwa.

Ufa ulikuwa wa zamani. Kingo zake zilikuwa zimegeuka rangi, na ndani mlikuwa na mabaki ya kitu cha kahawia, kikavu, kilicholiwa nusu. Nikachukua punje moja, nikainusa, kisha nikampa Hansaben. Alihitaji mara moja tu.

"Sukari guru," akasema. "Sukari guru, chokaa na unga wa jiwe hilohilo. Ukipaka ukasugua, huoni kitu."

Basi ndivyo walivyopita. Shaba yangu ilizunguka viungo vyote, lakini mlango wenyewe ulikuwa na ufa uliojaa sukari, na watoto wangu walikuwa na miaka tisa ya kuunusa.

Hansaben alikaa chini, kitu ambacho magoti yake hayakipendi. Akachukua nyundo ndogo akagonga kipande cha kushoto. Ngaaa. Akagonga cha kulia. Ngaaa. Jike safi, vyote viwili.

"Halikuwa bubu," akasema. "Lilimpasukia babu mikononi. Akalitengeneza, akalipandisha, halafu akatunga maneno." Akagonga tena, kama asiyeamini. "Alikuwa na sikio kuliko sisi sote. Kila alipopita mlangoni alisikia. Miaka elfu tunaliinamia kosa lake."

Nilimwonea huruma, yeye na yule mzee wa miaka elfu iliyopita, ambaye huenda naye zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na mtu aliyemwamini akamwita kutoka nje: vipi mlango, salama?

"Angesema tu," Hansaben akasema.

"Inatisha kusema," nikamjibu.

Kisha akanipa mkono nimwinue. "Lile jiwe lako la njia ya maji," akasema. "Lina urefu wa kutosha?"

Lilikuwa nao. Kwa siku nne tulilichonga kwa zamu, yeye akiweka mistari, mafundi watatu wakifuata kwa patasi, mimi nikipewa pembe ambayo haitaonekana. Lilibaki tupu, bila maua wala walinzi wa mlangoni. Hansaben alisema hayo ni ya wajukuu, wawe na cha kufanya. Jioni za siku hizo niliandika ripoti yangu kwa Baraza, nikaeleza utepe, ufa, na asubuhi ile niliyosema salama. Mwezi uliofuata waliahirisha uamuzi kwa miaka miwili. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma, lakini nilikula chakula changu cha usiku nikalala.

Siku ya kumi na mbili, kabla jua halijapasua ukungu, linta mpya ilikuwa imening'inia kwenye minyororo, kiasi cha mkono juu ya mahali pake. Huko ng'ambo ya uwanja Maharaji alikuwa ameshaubeba mtungi kichwani, na watu wameshaanza kuimba. Hansaben alisimamisha kila kitu. Akapanda jukwaani, goti moja moja, akachora kwa patasi mstari mmoja wa Kigujarati kwenye uso wa juu wa jiwe, ule ambao mnara ungeufunika. Kisha akaniita.

"Nimeandika kosa la kwetu," akasema. "Andika na la kwako. Atakayefungua ajue."

"Atafungua lini?"

"Miaka mia. Mia tatu. Unaharakisha kwenda wapi?"

Nikapiga magoti kwenye mbao. Mkono wangu si mzuri, herufi zilikwenda upande, na chini yetu watu walikuwa wakisubiri na maua yao. Niliandika: *Linta ya kwanza ilipasuka ikafichwa. Chokaa yangu ikaingia, nikaficha siku moja. Hii ni nzima. Igonge usikie. Siwema Shemweta.*

Hansaben alisoma taratibu, midomo ikicheza. Akapuliza vumbi kwenye jina langu, akatoa ishara, jiwe likashuka likakaa, na ya juu yakashushwa yakalifunika.

Mtungi ulikuwa umefika kwenye ngazi. Akanipa nyundo ndogo. Niliishika kwa vidole viwili, nikagonga mara moja, na mlio ukaingia chumbani mbele ya Devi.